Urembo wa Ng'ambo Tumboni mwa Mbuta

Ukiteremka asubuhi kutoka mjini Kisumu hadi ufuo wa Dunga, utawakuta akina mama na mabeseni yao wakingoja mashua. Mbuta anapopasuliwa, wachuuzi hukitolea macho kifuko cheupe cha hewa, kile kinachomsaidia samaki kuelea. Jirani zetu wa Mwanza hukiita bondo. Kikishakaushwa, bei yake kwa kilo huipita mbali ile ya mnofu.

Kutoka hapa vifuko hivyo husafirishwa hadi Hong Kong na China, ambako hupikwa supu. Wengi huko huamini kwamba supu hiyo hulainisha ngozi na kuizuia isikauke, kwani kifuko kimejaa kolajeni, protini inayoipa ngozi yetu uimara. Ngozi na magamba ya samaki nayo hutengenezwa unga na vidonge, ambavyo sasa vimejaa hata katika maduka ya Nairobi.

Je, vinafaa? Tumbo huivunjavunja kolajeni kama linavyofanya kwa nyama au maharagwe. Mwaka 2025 watafiti walichambua majaribio 23. Yakijumlishwa, yalionyesha kuwa ngozi ilipata unyevu zaidi. Lakini yale ambayo hayakugharimiwa na makampuni ya dawa hayakuonyesha faida yoyote. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake.

Sasa tembea hadi mtaa wa Obunga, hapo hapo Kisumu. Viwanda vikishakata minofu ya kuuza ng'ambo, mifupa na vichwa huletwa hapa na kukaangwa. Hicho ndicho kitoweo kiitwacho mgongo wazi, nacho hulisha jamaa nyingi. Kifuko kimeenda China, mnofu umeenda Ulaya, na aliyezaliwa kando ya ziwa amebaki kunyonya mfupa.

Ngozi kavu haihitaji safari ndefu hivyo. Jipake mafuta mara tu unapotoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu, ili maji yasipotee. Madaktari wa ngozi hushauri vivyo hivyo.

Nawe msomaji, kabla hujatoa maelfu ya shilingi kununua kopo la unga, ulizia kwanza bei ya samaki sokoni. Huyo ana protini vilevile, na watoto nao watashiba.