Mkataba Uliuliza Swali Mbaya

Nilipojua kuandika mikataba mahiri, zile programu zinazojiendesha kwenye Ethereum, nikajitolea kushughulikia kura za chama chetu. Tuko sita, familia tupu. Unapata tokeni kulingana na ulichochanga, na tokeni zako ndizo uzito wa kura yako.

Kuangalia salio ni mstari mmoja. Kila tokeni ya ERC-20 ina balanceOf: mkataba wako unaipa anwani ya mtu, inakurudishia nambari. (Nambari yenyewe hutisha. Tokeni 1 kwa kawaida inasomeka 1 na sufuri 18, juu humo ndani hakuna desimali. Hiyo pekee ilinimalizia wikendi.) Nikaweka pia kila anwani ipige kura mara moja tu. Nikajiona fundi.

Kura ya kwanza: tumkopeshe binamu yangu 80,000 ya boda? Ikapita. Kumbe jamaa alipiga kura, akatuma tokeni zake kwa waleti yake nyingine, akapiga tena, akarudia. Alinionyesha mwenyewe akicheka, kabla pesa haijatoka. Na ukiangalia, mkataba haukudanganywa hata mara moja. Uliuliza salio la saa hiyo, ukaambiwa ukweli. Mimi sikucheka, manze. Pesa nyingi humo ni ya mathe.

Wakubwa pia wameumia hapa. Aprili 2022, mtu alikopa mamilioni, akayageuza kuwa nguvu ya kura kwenye mradi wa Beanstalk, akapitisha pendekezo lake, akabeba hazina na kulipa mkopo, yote ndani ya muamala mmoja. Hasara ilikuwa kama dola milioni 182.

Kwa hivyo nilitoa tokeni mpya yenye ERC20Votes ya OpenZeppelin, inayoweka kumbukumbu. Sasa mkataba unatumia getPastVotes: hauulizi uko na ngapi, unauliza ulikuwa na ngapi kwenye bloku fulani kabla kura kufunguliwa. Ukihamisha tokeni baadaye, utajua mwenyewe.

Tulirudia kura, na mathe akasomeka sufuri. Sikuwa nimemwambia kwamba lazima kwanza ujikabidhi kura zako kwa delegate, hata kama ni wewe mwenyewe utapiga. Akaniuliza, "Sasa hii mashine yako imenifuta kwa chama?" Tukaanza upya mara ya tatu.

Mkopo ukakataliwa. Binamu bado hapokei simu zangu.