Mjomba Kataka Hela ya Msitu, Nikaishia Mbinga

Wiki hii sipo Kariakoo wala ufukweni. Nimetoka kusini, na tope la huko bado limeganda kwenye raba zangu.

Chanzo ni mjomba wangu, mkulima wa Namtumbo. Alinitaka hela ya vibarua wa kufyeka msitu mpya, eti shamba lake limechoka. Hilo ni la tatu kuchoka tangu nizaliwe! Zamani mtu akihama, msitu ulipumzika miaka 20 au zaidi ukaota upya. Siku hizi watu wamejaa, shamba linarudiwa kabla halijapona. Majivu ya miti nayo yanarutubisha misimu michache tu, kisha basi.

Nikamwambia asubiri. Mshkaji wangu tunayekaa gheto moja ni Mmatengo, na kila siku ananitambia kuwa kwao shamba la babu wa babu bado linazaa. Nikapanda basi hadi Songea, nikalala, asubuhi nikakamata gari la Mbinga, kama kilomita 100 hivi.

Jamani, milima! Watu wanalima mahali ambapo mimi kusimama tu ni kazi. Ukitazama toka ng'ambo, mlima mzima una vishimo vilivyopangana kama trei la mayai. Hizo ndizo ngoro.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kutazama au kulima?"

Nikapewa jembe. Nilikoma!

Kazi yenyewe iko hivi. Mwezi wa tatu majani yanafyekwa, yanaachwa yakauke, kisha yanapangwa kwa mistari inayokatizana kufanya miraba. Kina mama wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani yale. Katikati linabaki shimo, pembeni tuta. Juu ya tuta wanapanda maharage, na mvua za mwisho wa mwaka zikianza, mahindi yanafuata palepale. Magugu yanatupwa shimoni, yanaoza. Maji ya mvua na udongo vinaishia humo humo badala ya kuteremka bondeni. Baada ya miaka miwili mashimo mapya yanachimbwa penye matuta ya zamani. Kwa hiyo kinachohama ni shimo, mwenye shamba hahami.

"Kwa nini hamkuhama kama wengine?" nikauliza.

Bibi akacheka. "Tuhamie wapi?"

Kweli bwana. Katika karne ya 19 Wangoni waliwabana Wamatengo huku milimani. Walipokosa pa kwenda, wakajifunza kuitunza ardhi hiyo hiyo.

Nikamsimulia ya mjomba. Akauliza kama shamba lake ni tambarare. Nikamwambia ndiyo.

"Basi asichimbe mashimo, maji yatatuama. Apige matuta, afukie majani, apande maharage. Na kiberiti akiache nyumbani."

Nimefikisha ujumbe, mjomba kanuna. Anasema njaa haisubiri majani yaoze, na hapo siwezi kumbishia, maana watoto wake wanakula mwaka huu, siyo mwaka kesho. Tumekubaliana nusu eka kwanza. Nimetuma hela ya mbegu za maharage na ya vibarua wa matuta. Ya msitu nimemwambia sina.

Msimu ukiisha nitawaambia nani kati yetu kacheka.