Nani Alitulipia

Katika miaka ya 1980, msichana wa Newala aliyetaka uuguzi hakuuliza ada ni kiasi gani. Swali hilo halikuwepo. Ulimaliza kidato cha nne, ukajaza fomu, ukarudi nyumbani kusubiri. Jina likitoka, ilikuja barua pamoja na waranti ya usafiri, na chini yake orodha ya vitu vya kwenda navyo: shuka, ndoo, viatu vyeusi vya kufunga kamba, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Mengine yote, kuanzia ugali wa mchana hadi gauni la kazi, yalikuwa juu ya serikali.

Saa ndiyo iliyotutoa jasho. Huwezi kuhesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa bila mshale wa sekunde, na miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Saa yangu niliazimwa na mwalimu wa shule ya msingi, nayo ilipatikana baada ya kikao kirefu cha ukoo. Kwetu sisi Wamakonde, kama kwa majirani zetu Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mwisho juu ya binti alikuwa nalo mjomba. Mjomba alikataa katakata. Alisema mpwa wake hawezi kupelekwa mbali kwenda kufua mashuka ya wagonjwa na kulala nje ya nyumba usiku. Aliyemgeuza ni bibi, mama yake mzazi, mkunga wa jadi aliyejulikana vitongoji kadhaa. "Mwanangu," alimwambia, "mikono hii imepokea watoto wengi, na wengine imewazika. Mwache mtoto akajifunze ninachokosa mimi."

Hatukuwa wa kwanza. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na dawa zilifuata nyuma ya kanisa na shule. Mwaka 1935 daktari kijana, Leader Stirling, alifika Lulindi, akatibu watu katika majengo ya miti na nyasi, akaanza kuwafundisha uuguzi vijana wa hapo hapo. Daktari huyo baadaye akawa raia wa nchi hii, akawa Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. Upande wa Ndanda, Wabenediktini walijenga kituo chao mwaka 1906, na Sista Thekla Stinnesbeck, daktari kutoka Ujerumani, aliishi huko miaka mingi akihudumia hata wenye ukoma ambao ndugu zao walikuwa wamewatenga. Tulipoingia chuoni sisi, wauguzi wazee waliotufundisha walikuwa wamepitia mikono ya kizazi hicho. Walitandika kitanda kwa namna moja, wakakunja pembe za shuka kwa namna moja, na walikuwa hawavumilii uchafu.

Kozi ya daraja A ilikuwa miaka minne. Tulianzia chini kabisa: kuosha vyombo vya wagonjwa, kuwaogesha wasiojiweza, kugeuza waliolala muda mrefu wasipate vidonda vya mgongoni. Bomba za sindano zilikuwa za kioo, na sindano zenyewe zilichemshwa kwenye jiko la mafuta ya taa. Glavu hazikutupwa. Tuliziosha, tukazijaza maji kutazama kama zimetoboka, tukazianika kwenye kamba, tukazipaka poda na kuzikunja mbilimbili kwa ajili ya mashine ya mvuke. Huku Newala, juu uwandani, ambako mchanga unameza mvua yote na wanawake walikuwa wakiteremka bondeni kutafuta maji, ndoo moja ilipangiwa kazi kabla haijafika mlangoni.

Somo ninalolikumbuka kuliko yote nililipata mwezi Juni, nikiwa kwenye mazoezi ya ukunga. Newala mwezi Juni ni ukungu na baridi. Alikuwapo mama aliyefika alfajiri na uchungu, amesindikizwa na bibi yake. Mkunga aliniita, akanipa fetoskopu, kile kifaa cha mti chenye umbo la faneli. "Sugua mikono kwanza," akasema. "Usimguse mama wa watu na mikono ya baridi." Akanionyesha mgongo wa mtoto ulipolalia, nikaweka kifaa pale, nikainamisha sikio na kukiachia kisishikwe. Akaichukua mikono yangu na kuweka vidole vyangu kwenye kifundo cha mkono wa mama. "Yakienda sawa na haya ya mkononi, unamsikiliza mama. Tafuta yanayokimbia." Nikatafuta hadi nikayapata, ya mbali na ya haraka, nikaanza kuhesabu kwa ile saa ya kuazima. Tulifundishwa kwamba yanatakiwa yawe kati ya 120 na 160 kwa dakika.

Bibi aliyesindikiza alikuwa akinitazama. "Binti, wewe umeshazaa?"

"Bado, bibi."

"Sasa unamshika mjukuu wangu unajua nini?"

Lilikuwa swali la haki, kwa mila za kwetu na hata kwa akili ya kawaida. Mkunga hakukasirika. Alipiga goti kidogo, akamwamkia, akasema: "Bibi, mimi nimezaa wanne, nami niko nyuma yake." Bibi akatikisa kichwa, akakubali. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri.

Tulipomaliza, wizara ilitupangia vituo. Kulikuwa na waliolia kupelekwa mbali na kwao, na ndoa kadhaa zilivunjika kwa sababu ya barua za uhamisho. Sitasema zamani zilikuwa njema kwa kila mtu. Hukuchagua mahali, na wengi hata kozi hawakuichagua. Mshahara ulikuwa mdogo. Kufika Dar es Salaam wakati wa mvua, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, ilikuwa safari ya kulala njiani kwenye kivuko cha Rufiji. Lakini hakuna mwenzangu niliyemsikia amemaliza chuo akakaa barazani kwao.

Jambo hili nilikuja kulitafakari nikiwa mtu mzima: tulisoma bure wakati ambao kwetu kulikuwa hakuna kitu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho karibu tani 145,000, nyingi zikitoka kusini. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki mbali bila wa kuipalilia, bei ikawa duni, ugonjwa wa ubwiri unga ukaenea. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Mjomba wangu alikuwa na mikorosho, lakini gunia alilopata halikutosha chumvi na mafuta ya taa. Lau chuo kingedai ada mwaka ule, ningebaki kijijini. Aliyenilipia ni mkulima wa pamba wa Shinyanga, wa kahawa wa Kagera na Kilimanjaro, pamoja na misaada ya nchi rafiki. Nchi ilikusanya kidogo ilichokuwa nacho, ikasomesha mtoto wa mahali palipokuwa pamekauka.

Sasa ni zamu ya binti wa mdogo wangu. Naye alitaka uuguzi, na kwa kweli alichagua mwenyewe, jambo ambalo wengi wetu hatukuwa nalo. Lakini uchaguzi wenyewe ulianza mapema kuliko alivyodhani. Stashahada ya uuguzi na ukunga inadai ufaulu wa angalau D nne katika kidato cha nne, na ndani yake lazima ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Mwanafunzi wa shule ya kata iliyokaa muda bila mwalimu wa Fizikia anaweza kuupoteza uuguzi akiwa kidato cha tatu, bila kuambiwa na mtu. Wasichana wangapi wa uwanda huu wanaacha Fizikia kwa sababu ni ngumu, kisha wanakuja kuniuliza habari za chuo?

Yeye alipita. Maombi yakafanywa kwa simu, kupitia mfumo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi. Mjomba wa leo, kaka yangu, hakupinga hata kidogo. Aliuliza jambo moja tu: "Ada?" Akaanza kuhesabu kwa kilo. Ikiwa mwaka unataka shilingi milioni moja na laki mbili, na korosho ni shilingi 2,000, basi ni kilo 600. Bei ikivuka 4,000, kama ilivyokuwa kwenye mnada wa kwanza wa msimu wa 2024, ni kilo 300. Bado hujaweka chakula, sare, mitihani, nauli na kodi ya chumba. Ada hudaiwa kabla mnada haujalipa, na hapo ndipo mnunuzi wa kangomba, yaani ununuzi wa magendo nje ya mnada, anapoingia uani na fedha taslimu, anachukua korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wengi walishangilia, kisha wakasubiri malipo kwa miezi, na wapo wanafunzi waliosubiri pamoja nao wakiwa wamezuiwa mitihani. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, baadhi ya fani za afya zikiwemo. Ni hatua njema. Nafasi bado ni chache kuliko wanaohitaji.

Chuo chenyewe ni miaka mitatu: ngazi ya nne, ya tano na ya sita. Wanajifunza mengi tusiyoyajua. Kabla ya kumgusa mgonjwa wanazoea kwanza kwenye sanamu, na glavu zao hutupwa zikishatumika mara moja. Nawaonea fahari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Kushuka huko hakukuletwa na majengo peke yake. Kumeletwa pia na vijana hawa, waliokaa macho usiku kucha wakijaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu.

Kinachoniuma ni kitandani. Binti alinisimulia alivyokwenda kwenye mazoezi akakuta wanafunzi wa vyuo kadhaa wamezunguka kitanda kimoja, kila mmoja na kitabu chake cha kutiwa saini. Mkunga wa zamu alikuwa peke yake na wodi imejaa. Alimwonyesha fetoskopu kwa haraka, akasaini, akakimbilia kitanda kingine. Hakuna aliyemshika vidole na kuviweka kwenye mkono wa mama. Simlaumu mkunga yule. Angesema vipi kwamba yuko nyuma ya mwanafunzi, na mbele yake kuna akina mama ambao hawana mwingine?

Wakimaliza, wanafanya mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha wanajaza maombi kwenye mfumo wa ajira, kisha wanakaa. Wengine wanajitolea zahanati kwa posho ya nauli, wengine wanauza kwenye maduka ya dawa, wengine wamerudi kupulizia salfa mikorosho ile ile iliyowasomesha. Na zahanati hazijajaa. Zipo huku kwetu ambako muuguzi mmoja anazalisha, anachanja, anagawa dawa na kuandika vitabu, akiugua mlango unafungwa. Nilipoanza kazi tulililia wauguzi hatukuwapata. Leo wapo, wana leseni, na wanapishana na wagonjwa njiani.

Kwa hiyo mkulima wa korosho analipa mara tatu. Analipa kodi na makato ya zao, analipa ada ya mtoto, na analipa bodaboda ya kumfikisha mjamzito mjini kwa kuwa zahanati ya kijiji haina mtu usiku. Zamani nchi nzima ilichangia mtoto mmoja wa mahali palipokauka. Sasa kila ukoo umeachiwa mzigo wake, na mavuno ya elimu hiyo yanaozea barazani.

Kwa wazazi wanaochagua chuo msimu huu, ulizeni mambo matatu kabla ya kuuza gunia la kwanza: je, chuo kimesajiliwa, na wanafunzi wake wanajifunzia hospitali ipi, wangapi kwa kila mkufunzi? Jengo zuri lisiwadanganye. Kwa wenye kupanga bajeti, waliokwisha kusoma waajiriwe, kuanzia zahanati zenye mtu mmoja. Na kwa wenzangu tuliostaafu Masasi, Newala, Ndanda na Tandahimba, mikono yetu bado inajua kazi. Hospitali zikitufungulia mlango, twende tukasimame nyuma ya hawa watoto wodini, asubuhi chache kwa wiki, bila kudai kitu. Sisi tulisomeshwa na watu ambao hawakutujua hata kwa majina, na deni lao halijalipwa.