Swichi Si Ekstensheni

Leo naungama.

Nilikuwa Kayanga, Karagwe, kwenye kituo kidogo cha redio ambacho sitakitaja. Chumba cha habari kilikuwa na kompyuta tano, zote zimeungwa kwenye swichi moja. Si ile ya kuwashia taa. Nasema kile kiboksi chenye matundu manane na vitaa vya kijani, kinachoziwezesha kompyuta kupeana mafaili hata intaneti isipokuwepo.

Siku hiyo tulikuwa na bei za mnada wa kahawa za kusoma kwenye taarifa ya saa saba mchana. Asubuhi mkulima mmoja wa Nkwenda alinipigia. (Nkwenda iko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini wasikilizaji wetu ni walewale.) Mnunuzi wa butura alikuwa amekaa uani kwake, anataka kahawa ikiwa bado mtini. "Waitu dada, nasubiri redio kwanza," akaniambia.

Saa sita na nusu nikaona ncha ya waya inaning'inia mezani. Nikajifanya msafi, nikaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Punde studio wakaanza kelele: faili la habari halifunguki! Nikaulaumu umeme. Nikailaumu kampuni ya simu. Mwisho nikampigia fundi, yuko Omurushaka.

"Vitaa vinawakawaka vyote kwa pamoja?"

"Ndiyo."

"Nani kachomeka waya?"

Jamani, nilinyamaza.

Kumbe ncha ya pili ya waya ule ilikuwa tayari kwenye swichi ileile! Mimi nilidhani swichi ni kama ekstensheni ya umeme: tundu likiwa wazi, chomeka. Sivyo. Swichi hujifunza anwani ya kila kifaa na tundu kilipo, ndipo hupeleka ujumbe kwa mwenyewe. Ila kuna ujumbe wa kuwaita wote, na huo hutolewa kwenye kila tundu isipokuwa ulikoingilia. Ukitoka kwa ncha moja ya waya wangu, unarudi kwa ncha nyingine, unatolewa tena, bila kikomo, mpaka mtandao mzima unasongwa. Dawa ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985: utaratibu wa swichi kujifungia njia ya mzunguko. Swichi nyingi za bei poa, kama yetu, hazina.

Nikauchomoa. Vitaa vikatulia. Lakini taarifa ilikuwa imeshapita, bei tukazisoma saa nane.

Jioni nikampigia yule mkulima. "Dada, mbona mlinyamaza? Hela nimeshapokea." Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba kimya kile nilikichomeka mimi kwa mkono wangu.

Siku hizi kila waya wangu una lebo ncha zote mbili. Na kabla sijauchomeka, naufuata kwanza mpaka unakoishia. Nanyi fanyeni hivyo.