Nukta na Dagaa

Wapo watakaocheka wakisikia kwamba mwalimu mkuu mstaafu, mwenye wajukuu na magoti mabovu, alikaa mezani wiki nzima akimtengenezea paka kichezeo cha leza. Na wacheke. Kazi hiyo ilinifikirisha kuliko vikao vingi vya shule nilivyoviongoza.

Paka mwenyewe aliletwa nyumbani na marehemu mke wangu, ambaye kila jioni alimchezesha kwa kuburuta kamba sakafuni. Baada ya msiba, mnyama yule alishinda amelala mlangoni. Akanenepa, akapoteza wepesi. Mimi kuinama siwezi. Mjukuu wangu anayesomea ufundi wa umeme akaniambia, "Babu, tumtengenezee mashine imchezeshe."

Sikuhitaji kubembelezwa. Chuoni, katika miaka ya 1970, sisi wanachuo wa ualimu tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vilivyotuzunguka: vifuniko vya chupa, maboksi, mabua. Safari hii tulikuwa na boksi la viatu, kalamu ya leza nyekundu isiyozidi miliwati 1, mota ndogo mbili za servo na ubao wa Arduino. Mota moja huigeuza kalamu kushoto na kulia, ya pili huiinua na kuishusha. Servo hupokea mapigo ya umeme yapatayo 50 kwa sekunde. Pigo la milisekunde 1.5 huiweka katikati. Likifupishwa hugeukia upande mmja, likirefushwa hugeukia wa pili. Programu huchagua pembe kwa bahati nasibu, hivyo nukta hukimbia, husita, kisha huchomoka tena mithili ya mende. Boksi tuliliweka juu ya kabati, na programu tukaiwekea mipaka ili mwanga usitoke sakafuni, maana leza, hata iliyo dhaifu, haifai kuelekezwa machoni mwa mtu wala mnyama.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Mwaka 1995 wavumbuzi wawili walipewa hataza nchini Marekani kwa njia ya kumchezesha paka kwa mwanga huo. Basi miaka 35 ilitosha kukitoa chombo hicho maabara na kukifikisha miguuni pa paka.

Mjukuu wangu alitaka mashine ifanye kazi mchana kutwa. Hapo tukabishana. Paka huwinda kwa hatua: huvizia, hukimbiza, huruka, hushika, huuma. Mwanga humpa zile tatu za mwanzo na kumnyima mbili za mwisho. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliowahoji wafugaji wa paka. Waliotumia leza mara nyingi zaidi ndio walioelekea zaidi kuripoti tabia za kujirudiarudia, kama vile paka kufukuza mianga na vivuli. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba leza ndiyo chanzo, lakini kwangu ulitosha kuwa onyo.

"Lakini Babu, yeye hajui kwamba ni mwanga tu."

"Sisi tunajua," nikamjibu.

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii nimeifundisha mara nyingi, nami naiona ina sharti lake: njiani pawe na cha kuokota. Nimewaona vijana waliokimbia kwa bidii miaka yote ya shule, kisha wakafumbua kiganja wakakuta hamna kitu. Hawakuwa wavivu. Walioonyesha nukta ni wengi. Waliofikiria mwisho wa mbio ni wachache. Anayemkimbiza mwenzake, awe mtoto au mnyama, ana deni la kufikiria mwisho huo kabla ya kuwasha taa.

Kwa hiyo tuliongeza mota ya tatu. Mashine huchezesha kwa dakika 10. Katika dakika ya mwisho nukta hupunguza mwendo, hutambaa hadi kwenye kopo lililo chini na kutulia hapo. Leza huzimika, kifuniko hufunuka, na ndani mna dagaa wawili. Siku ya kwanza paka alilirukia kopo, akalikumbatia, akala, akajilamba kwa muda mrefu.

Mashine haiwezi kujaza dagaa. Hilo ni jukumu langu. Kopo tumelifunga ile kamba ya marehemu. Jioni nalivuta hadi kitini, natia dagaa, kisha nalisukuma kwa mkongojo mpaka kwenye alama ya chaki niliyochorewa sakafuni. Paka hukaa kando akinitazama. Akiona kopo limefika kwenye chaki, hugeuka na kuangalia juu ya kabati.