Kabla ya Kupanda Bealach na Bà

Barabara ya Bealach na Bà, kule Applecross, Uskoti, hupanda hadi mita 626. Kwa Kigaeli jina hilo ni njia ya ng'ombe, na kweli ng'ombe wangeiweza kuliko basi letu kuukuu tulilolifanya nyumba ya safari. Siku ya pili hiyo gia namba mbili inakataa kuingia.

Sisi wauguzi hatupasui kabla ya kupima. Nilizima injini, nikajaribu gia zote. Zingeingia laini, ningeshuku klachi haiachii. Ziligoma vilevile. Baba watoto akaingia uvunguni kukagua fimbo inayotoka kwenye mkono wa gia hadi giaboksi. Bushi yake, kidude cha plastiki kidogo kuliko kizibo cha soda, imelika, fimbo inachezacheza. Ya akiba tulikuwa nayo. Tukabadilisha, tukapaka grisi.

Watoto walinuna kwa kuchelewa. Wanune tu! Kona zile hushukwa kwa gia ndogo, injini ikilizuia gari. Ukitegemea breki peke yake zitapata moto na kulegea. Mwenye gia inayochomoka apitie Shieldaig, barabara ya pwani. Ni ndefu zaidi, lakini Applecross utafika.