Pasipoti na Mvua ya Lusaka

Mtu atokaye Mbeya kwenda Lusaka hajihisi yuko ugenini hasa. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 tangu Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, inapita nyumbani kwetu. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka. Na chakula ni kile kile, wao wakikiita nshima, sisi ugali. Ukaribu huo ndio ulionipumbaza. Nilipokwenda masomoni huko, pasipoti yangu niliitunza kama kadi ya maktaba.

Nilipanga chumba Kalingalinga, mtaa wenye watu wengi ulio karibu na Chuo Kikuu cha Zambia. Mvua za huko huanza Novemba zikaendelea hadi Machi au Aprili. Bati la chumba changu lilikuwa na tundu moja tu, dogo, juu ya sanduku la nguo, na humo ndimo kilimokuwa kitabu. Niliyagundua madhara yake usiku nilipopigiwa simu kwamba baba amefariki. Kurasa zilikuwa zimegandana, mihuri imekuwa madoa ya wino, na jalada limeachana na kitabu.

Asubuhi nilikwenda ubalozini kwetu.

"Pole kwa msiba, ndugu yangu," aliniambia ofisa, "lakini kitabu hiki hakiwezi kukuvusha mpaka. Unazo nakala?"

Sikuwa nazo. Kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa vilikuwa kabatini Mbeya. Basi dada yangu, badala ya kukaa na wafiwa wenzake, alilazimika kuondoka penye msiba akapekue makabati, apige picha hati hizo na kunitumia. Ilipita siku ya kwanza, na ya pili. Ndipo nikapewa hati ya dharura ya safari, karatasi ya kunirudisha nyumbani tu. Kutoka Lusaka hadi Nakonde ni kama kilomita elfu moja kwa basi. Nilifika matanga yakianuliwa.

Ndugu msomaji, tangu mwaka 2018 pasipoti zetu ni za kielektroniki. Maombi hujazwa katika tovuti ya Idara ya Uhamiaji, lakini mwombaji hana budi kufika mwenyewe ili achukuliwe picha na alama za vidole. Hakuna wa kumtuma. Aliyepoteza kitabu huanza polisi, katika nchi aliyomo, apate taarifa ya upotevu, ndipo aende ubalozini. Nami nilipopata kipya kazi haikuisha, kwa kuwa kibali changu cha masomo kilikuwa kimeandikiwa namba ya kitabu cha zamani.

Wapo wanaoiweka pasipoti rehani kwa mwenye nyumba au mwenye duka. Hilo ni kosa kubwa, kwani kitabu kile ni mali ya Serikali. Wengine husubiri muda wake uishe kabisa, ilhali nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita mbele.

Yangu sasa iko ndani ya mfuko wa nailoni, katika kopo la bati lenye kifuniko. Nakala za hati zote anazo dada, nyingine ziko kwa rafiki mtaa wa pili. Lile tundu nililiziba kwa lami siku ile ile niliyorudi Lusaka.